Mgonjwa Asiyefika Kliniki: Uhaba wa Askari Magereza ni Suala la Afya

Katika kliniki ya wagonjwa wa nje jina huitwa mara ya kwanza, likaitwa mara ya pili, kisha faili likawekwa kando. Muuguzi huandika "hakufika" katika rejesta, na daktari huendelea na mgonjwa anayefuata. Kwa mgonjwa wa kawaida neno hilo huweza kuficha sababu nyingi: amesahau tarehe, amekosa nauli, ameona nafuu akaamua kubaki nyumbani. Kwa mgonjwa aliye gerezani sababu mara nyingi ni nyingine kabisa. Huenda aliamka alfajiri, akanawa uso, akaketi ukingoni mwa kitanda akisubiri mlango wa selo ufunguliwe, na mlango haukufunguliwa kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na askari wa kumsindikiza.

Nchini Uingereza jambo hili limepimwa. Nuffield Trust, taasisi inayotafiti sera za afya, ilichambua kumbukumbu za hospitali zinazowahusu wafungwa wa England kwa mwaka wa 2017/18 na kutoa matokeo yake Februari 2020. Ilibainika kwamba katika kila miadi 10 ya kliniki za nje iliyopangwa kwa ajili ya wafungwa, 4 ilipita bila mgonjwa kuonekana. Aidha, wafungwa walihudumiwa hospitalini kwa kiwango cha chini, karibu robo pungufu, kuliko wananchi huru wa umri na jinsi kama yao. Uhaba wa askari wa kusindikiza ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Idadi ya askari wa gereza huchukuliwa kwa kawaida kuwa suala la ulinzi na bajeti. Kwa hakika ni suala la tiba pia. Gerezani hakuna huduma hata moja, iwe kidonge, darasa, ushauri nasaha au safari ya hospitali, isiyopitia kwanza kwenye mkono ulioshika ufunguo.

Hesabu ya askari wawili

Kumpeleka mfungwa mmoja hospitali huhitaji, kwa kawaida, askari wawili, gari, pingu na nusu siku. Katika gereza lenye askari wa kutosha, hesabu hiyo haimuumizi mtu. Katika gereza ambalo zamu nzima ina askari wachache, kuwatoa wawili maana yake ni kuwafungia mamia waliobaki: hakuna uwanja, hakuna karakana, hakuna darasa, na pengine hata simu ya kuzungumza na mke au mama haipo siku hiyo.

Kwa hiyo kila asubuhi mkuu wa zamu hulazimika kuchagua. Anayetapika damu atapelekwa. Mwenye maumivu makali ya kifua atapelekwa. Atakayebaki ni yule mwenye uvimbe usiouma, mwenye kisukari aliyepangiwa kupimwa macho, mwenye shinikizo la damu anayehitaji kipimo cha moyo. Ugonjwa unaopiga kelele hupata askari; ugonjwa unaotambaa kimya hupewa tarehe nyingine. Kila mhudumu wa afya anajua ni upi kati ya hizo mbili unaotibika vyema zaidi ukiwahiwa.

Kwa wajawazito uchaguzi huo huwa mgumu zaidi, kwa maana uchungu hauna miadi. Uchambuzi ule ule wa Nuffield Trust ulionyesha kwamba takriban mfungwa mmoja kati ya kila 10 waliojifungua mwaka huo alijifungulia gerezani au njiani kuelekea hospitali. Septemba 2019, katika gereza moja la wanawake nchini humo, msichana mwenye umri wa miaka 18 alibonyeza kengele ya selo yake usiku akiomba muuguzi. Muuguzi hakuja. Alijifungua peke yake gizani, na asubuhi mtoto alikuwa amefariki. Ripoti rasmi iliyotolewa mwaka 2021 ilieleza makosa mengi ya mfumo mzima wa kuwahudumia wajawazito waliofungwa, na haikumtwika mzigo mtu mmoja. Funzo lake kwa mhudumu wa afya ni la wazi: kengele haiokoi mtu ikiwa upande wa pili hakuna wa kuisikia na kuchukua hatua.

Nchi iliyopunguza askari

England na Wales ni mfano unaostahili kusomwa kwa makini, kwa sababu huko uhaba haukutokea polepole kiasi cha kutoonekana. Ulitokana na uamuzi. Baada ya mwaka 2010 serikali ilikaza matumizi, magereza yakaagizwa kuendeshwa kwa gharama ndogo zaidi, na askari wengi wenye uzoefu wakapewa malipo ya kuondoka kwa hiari. Ndani ya miaka minne hivi idadi ya askari wa mabwenini ilipungua kwa karibu robo, yaani zaidi ya watu 6,000. Idadi ya wafungwa haikupungua. Ilibaki takriban 85,000.

Kilichofuata kiliandikwa katika takwimu za serikali yenyewe. Mwaka 2010 wafungwa waliojiua walikuwa chini ya 60. Mwaka 2016 walikuwa takriban 120. Matukio ya wafungwa kujijeruhi, ambayo mwanzoni mwa muongo yalikuwa chini ya 30,000 kwa mwaka, yalivuka 40,000. Mashambulizi dhidi ya askari yaliongezeka zaidi ya maradufu. Desemba 2016, katika gereza la Birmingham, askari mmoja aliporwa funguo, na kwa zaidi ya saa 12 mamia ya wafungwa walishika mabweni kabla ya vikosi maalumu kurejesha utulivu.

Haitakuwa haki kudai kwamba uhaba wa askari peke yake ulizaa yote haya. Miaka hiyo hiyo magereza ya Uingereza yalivamiwa na dawa za kulevya za maabara zinazoiga bangi, maarufu kwa jina la Spice, ambazo humfanya mtumiaji aanguke, atetemeke, au apandwe na ghadhabu asiyoielewa. Lakini mambo haya mawili yalilishana. Askari wachache waliweza kufanya upekuzi mchache. Wafungwa waliofungiwa kutwa bila kazi walitafuta cha kuua muda. Kila aliyeanguka alihitaji gari la wagonjwa na askari wawili wa kuandamana naye. Walipotoka hao wawili, bweni lilifungwa tena. Na waliofungiwa wakapata sababu nyingine ya kuvuta. Hivyo dharura za leo zikawa zinakula miadi ya kesho, na uhaba ukawa unajizalisha wenyewe.

Jicho linalomjua mtu

Ni kosa kudhani kwamba kazi ya askari magereza ni kufunga na kufungua tu. Askari aliyekaa na bweni moja kwa miaka humjua kila mtu kwa mwendo wake. Atatambua kwamba fulani hajala tangu juzi, kwamba mwingine amegawa sabuni na blanketi zake kana kwamba hatazihitaji tena, kwamba kijana aliyekuwa akipokea barua kila wiki sasa hapokei. Hizo ni dalili za hatari, na hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuzinasa. Huonwa na jicho lililozoea, na huonwa mapema tu endapo jicho hilo lina nafasi ya kutazama.

Magereza ya England na Wales yana utaratibu wa kumfuatilia mfungwa anayehofiwa kujidhuru: hufunguliwa jalada lake, hupangiwa watu wa kuzungumza naye, na huchunguliwa mara kwa mara usiku na mchana. Kwenye karatasi utaratibu huo ni mzuri. Zamu ikiwa na watu wachache, mazungumzo hugeuka kuwa mtazamo wa haraka kupitia tundu la mlango, na alama ya vema kwenye fomu. Mwaka 2015 tume iliyoongozwa na Toby Harris, iliyopitia vifo 87 vya vijana na watoto waliojiua wakiwa kizuizini, ilipendekeza kila kijana awe na afisa wake maalumu anayemfahamu na kuwajibika kwa ustawi wake. Pendekezo hilo halikuwa la vifaa wala majengo. Lilihusu mtu mmoja kumjua mtu mwingine.

Askari nao ni binadamu. Anayefanya zamu mbili mfululizo, anayeshuhudia damu wiki baada ya wiki, anayerudi nyumbani akiwa hana neno la kumwambia mwenzi wake, yuko njiani kuwa mgonjwa. Akiugua au akiacha kazi, pengo lake huwaelemea waliobaki, nao huugua kwa zamu yao. Hospitali zetu zinaufahamu mwendo huu, kwa kuwa ndio ule ule unaomaliza wauguzi wa wodi zenye upungufu.

Urekebishaji unaoahirishwa

Gereza hukabidhiwa kazi mbili: kumzuia mtu na kumrekebisha. Watumishi wakipungua, kazi ya kwanza huendelea kwa namna fulani, kwa sababu mlango uliofungwa hauhitaji watu wengi. Ya pili husimama. Mwalimu huja akakuta darasa tupu, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwaongoza wanafunzi kutoka mabwenini. Karakana ya useremala hufungwa. Kikundi cha kuacha pombe na dawa za kulevya huahirishwa wiki tatu mfululizo, na mtu aliyekuwa amekusanya ujasiri wa kuzungumza huamua kwamba hakuna anayejali.

Mwishoni mwa 2016 serikali ya Uingereza ilikiri hali ilivyo na kuahidi askari 2,500 zaidi. Kufikia 2018 idadi hiyo ilikuwa imepatikana. Ulianzishwa pia mpango wa kumpa kila askari wafungwa sita hivi, azungumze na kila mmoja kwa dakika 45 kila wiki kuhusu afya yake, familia yake na maisha yake baada ya kifungo. Ni mpango wa busara. Hata hivyo idadi hurudi upesi kuliko uzoefu. Wengi wa walioajiriwa walikuwa vijana waliofunzwa kwa wiki chache, na mabwenini hawakukuta wakongwe wa kutosha wa kuwafunza hekima ya kazi. Sehemu kubwa yao iliondoka mapema. Katika magereza mengi, zamu ilipopungukiwa, yale mazungumzo ya dakika 45 ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kufutwa. Ikilinganishwa, nchini Norway askari magereza husomea kazi yake kwa miaka miwili, na kuwa msiri na mshauri wa wafungwa kadhaa ni sehemu ya wajibu wake tangu siku ya kwanza.

Hewa ya selo iliyofungwa

Kusini mwa Afrika uhusiano kati ya ufunguo na ugonjwa umefika hadi mahakama ya juu kabisa. Dudley Lee aliingia katika gereza la Pollsmoor, Cape Town, mwaka 1999 akiwa mahabusu mwenye afya. Alikaa humo takriban miaka minne na nusu akisubiri kesi yake. Gereza lilikuwa limefurika, na watu walibanana selo moja hadi saa 23 kwa siku. Mwaka 2003 aligundulika kuwa na kifua kikuu. Mwaka 2004 aliachiwa huru bila kutiwa hatiani.

Lee aliishtaki serikali. Desemba 2012 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba alikuwa na haki ya kulipwa fidia. Si lazima, walisema majaji wengi, mfungwa athibitishe ni nani hasa aliyemwambukiza. Inatosha kwamba gereza lilikuwa na wajibu wa kuwa na mfumo wa kuchunguza wagonjwa na kuwatenga wanaoambukiza, na kwamba halikuutimiza.

Kwa mtaalamu wa afya, sababu haihitaji maelezo marefu. Vimelea vya kifua kikuu husafiri kwa hewa. Kinachopunguza maambukizi ni dirisha, jua, nafasi, na kumtambua mapema anayekohoa. Dirisha la selo hufunguliwa na mjenzi, lakini mlango hufunguliwa na askari. Kila saa ambayo watu hubaki ndani kwa sababu hakuna wa kuwalinda uwanjani ni saa ya kuvuta hewa iliyokwisha kuvutwa na wengine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba maambukizi mapya ya ugonjwa huu magerezani ni takribani mara 10 ya yale ya nje. Wala ukuta hauyazuii. Askari huyapeleka nyumbani kwake, na katika nchi zetu nyumba hiyo mara nyingi imo ndani ya kambi ya magereza pamoja na watoto. Mahabusu hutoka kwa dhamana akapanda daladala. Mgeni wa Jumapili hurudi kijijini.

Yanayotuhusu

Afrika Mashariki hali ina sura zake. Pale askari walipokuwa wachache tangu enzi za ukoloni, pengo lilizibwa na nyampara, mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wenzake. Nyampara mwema huweza kuwa msaada mkubwa, na wapo waliowabeba wagonjwa mgongoni hadi zahanati ya gereza. Lakini pale nyampara anapoamua nani atamwona mganga, ugonjwa huwa na bei. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinakataza mfungwa kupewa mamlaka ya kuwaadhibu wenzake. Kanuni hizo hizo zinataka mfungwa apate huduma ya kiwango kile kile cha raia wengine bila malipo, na zinasema uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu wa afya peke yake. Askari hawezi kuutangua.

Uwiano una pande mbili: askari, na wale wanaolindwa. Tanzania ina Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, na Kenya ina sheria ya aina hiyo tangu 1998, zinazomwezesha mwenye kosa dogo kutumikia adhabu yake kwa kufanya kazi za umma huku akilala kwake. Kila anayetumikia adhabu hiyo badala ya kifungo kifupi humwachia askari muda wa kumwangalia mwingine, na humwachia mwenzake nafasi ya kupumua. Hakimu anapoitumia sheria hiyo ipasavyo, anafanya pia kazi ya afya ya jamii.

Mengine yamo mikononi mwa wahudumu wa afya wenyewe. Mfungwa mwenye maradhi sugu anaweza kupangiwa vipimo vyote kwa siku moja, ili askari wawili watoke mara moja badala ya mara nne. Wagonjwa watatu wa gereza moja wanaweza kupewa tarehe moja. Ahadi zisizohitaji mashine zinaweza kufanyika kwa simu kati ya daktari bingwa na mganga wa gereza, na kliniki ya macho, meno au akili inaweza kwenda gerezani mara moja kwa mwezi. Uchunguzi wa mfungwa anapoingia, hasa kuulizwa kuhusu kikohozi na kuhusu mawazo ya kujidhuru, huokoa safari nyingi za dharura baadaye. Na anapolazwa wodini, askari anaweza kuombwa kwa heshima asimame pale anapoona bila kusikia, ili mgonjwa aweze kusema kinachomsumbua.

Kwa wagonjwa waliotoka gerezani na jamaa zao, la kwanza ni hili: dozi isikatike. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na kutoka kabla haijaisha si kupona. Uliza barua ya uhamisho kabla ya kuondoka; ikiwa haikupatikana, nenda kituo cha afya kilicho karibu ueleze ulikuwa ukimeza dawa gani. Katika vituo vya umma matibabu hayo ni bure, na vivyo hivyo dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Anayehisi kwamba maisha hayana maana tena, awe mfungwa aliyeachiwa, ndugu yake au askari aliyestaafu, asikae na neno hilo peke yake. Alipeleke kwa mhudumu wa afya kama ambavyo angepeleka homa.

Lipo pia jambo dogo ambalo kliniki yoyote inaweza kuanza nalo kesho asubuhi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na rejesta zetu huwafanyia wafungwa hivyo hivyo: neno "hakufika" humwandikia mgonjwa kosa ambalo si lake, kisha jina lake likafutwa kwenye orodha. Muuguzi na aandike "hakuletwa", aongeze sababu, apige simu gerezani kuomba tarehe nyingine, na mwisho wa mwezi ajumlishe. Jumla hiyo ikifika mezani kwa mganga mkuu, na kutoka hapo kwa wakuu wa magereza na wapangaji wa bajeti, uhaba wa askari utakuwa umeandikwa kwa lugha ya hospitali: kwa idadi ya wagonjwa, majina ya maradhi, na siku walizongojea.